Kwa nini mama hakupewa dawa ya presha siku ile ile?

Muulizaji, Ngamiani, Tanga: Assalaam alaykum. Mama yangu alipimwa presha akakutwa na 152/94, lakini daktari alimrudisha nyumbani bila dawa, akamtaka arejee baada ya wiki. Je, huo si uzembe?

Jibu: Wa alaykum salaam. Sioni uzembe, kwa sababu presha hupanda hata kwa hofu au uchovu wa safari, na kwa kawaida ugonjwa huthibitishwa pale vipimo vya siku mbili tofauti vinapofikia 140/90 au zaidi, kwani dawa hiyo ikishaanzwa mara nyingi huwa ya maisha. Ingekuwa 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, angetibiwa papo hapo.

Jibu: Siku ya kurudi apumzike dakika 5 kabla ya kupimwa, na kahawa chungu aiache kwanza.

Muulizaji: Ahsanteni. Kumbe siku ile alitoka sokoni kwa miguu.