Klarineti ya mpingo, kokobolo au plastiki: ipi inafaa kwa bendi ya nje?

mpulizaji_AR: Wakuu, naomba mwongozo. Natafuta klarineti (ala ya kupuliza) ya Bb, ile ya kawaida. Tunapiga Arusha, asubuhi baridi, mchana jua kali. Nimeonyeshwa ya mpingo, ya kokobolo na ya plastiki. Muuzaji anasema kokobolo ina sauti tamu zaidi. Ni kweli? Na ipi haipasuki?

fundi_mbao: Sauti usiitafute kwenye mti kwanza. Inatokana zaidi na upana wa tundu la ndani (karibu milimita 14.6 hadi 15), ukataji wa matundu ya vidole, kipande cha mdomoni na mwanzi (kijiti chembamba kinachotetemeka ukipuliza). Kazi ya mti ni kushika vipimo hivyo visibadilike. Hapo mpingo wetu hauna mpinzani: mita moja ya ujazo ina kama kilo 1,200 hadi 1,300, unazama majini, na ukikerezwa unatoa kingo kali kama chuma. Kokobolo ya Amerika ya Kati ni nyepesi kidogo, ina mafuta mengi na rangi ya machungwa. Wengine huisikia laini, lakini ukibadilisha mwanzi utasikia tofauti kubwa kuliko hiyo. Zamani, karne ya 18, Wazungu walitumia mti wa manjano uitwao boksi. Ulipinda kwa unyevu.

karakana_ya_ala: Mkuu, hakuna mti usioweza kupasuka. Pumzi inapasha ndani na kulowesha, ndani kunatanuka, nje bado baridi. Ufa huanza kipande cha juu, mara nyingi kwenye matundu ya funguo. Kwa hiyo asubuhi kipashe kwapani kama dakika kumi kabla ya kupuliza. Chombo kipya kipige dakika 15 hadi 20 tu kwa siku, wiki mbili za kwanza, kisha pitisha kitambaa ndani. Unyevu wa kasha uwe 40–60%. Pete za chuma zikilegea, mti umekauka. Kiungo kikigoma kuchomoka, umevimba: usikinyonge, subiri ukauke.

fundi_mbao: Naongeza: mpingo mwingi hupakwa rangi nyeusi. Chungulia ndani ya tundu kwa tochi, ndipo nyufa zilizozibwa huonekana.

karakana_ya_ala: Kwa gwaride juani chukua plastiki, ya mpingo ibaki ukumbini. Ukitaka katikati, Greenline ya kampuni ya Kifaransa Buffet ni unga wa mpingo 95% na nyuzi za kaboni na gundi. Haipasuki kwa baridi, ila ikidondoka inaweza kukatika kwenye kiungo.