Naomba ushauri: kupiga hema Ziwa Ellis, Mlima Kenya, na watoto wa Pwani wasiojua baridi

MtuWaMtongwe

Assalam aleikum wanabaraza, na habari za jioni kwa wote.

Mwenzenu nimejifunga kamba mwenyewe. Mwaka jana nilimwahidi kijana wangu kwamba akifanya vyema mtihani nitampeleka popote atakapo. Nikadhani atataja Diani, au kwenda kuwatazama twiga Haller Park, tumalize. Yeye akasema anataka kulala kwenye hema kando ya ziwa, juu mlimani, baada ya kupita msituni. Picha kaiona kwenye simu ya mjomba wake. Ziwa lenyewe ni Ellis, upande wa Chogoria wa Mlima Kenya. Mtihani kapasi, na mtoto wa watu hasahau.

Tuko wanne: mimi, mama watoto, kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 7. Baridi kali kabisa tuliyowahi kuiona ni ya Voi alfajiri. Mimi kusi ikivuma mwezi wa saba nikiwa juu ya feri navaa sweta, watu wananicheka.

Nilicho nacho: hema la watu wanne nililolinunua mitumba Kongowea (lilikuwa na tundu, nimelishona), mablanketi mawili mazito, jiko dogo la makaa, na Probox. Nimepanga likizo ya Aprili. Usiku nitalitia jiko ndani ya hema lipashe joto, watoto walale vizuri.

Je, inawezekana, au nimtafutie mtoto baiskeli yaishe? Mama mkwe ameshatoa hukumu yake: wajukuu wake hawaendi kuliwa na ndovu.

BintiKibokoni

Kaka, kabla hujasoma jibu la mtu mwingine yeyote, hilo jiko litoe kwenye hema. Kwenye mipango pia litoe.

Mimi ni nesi, na sisemi kukutisha. Makaa yanapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikuchomi macho kama moshi wa kuni. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Mtu anaona usingizi mtamu, basi. Usiseme "nitaacha zipu wazi kidogo". Makaa yanayoonekana yamekufa, yenye jivu juu, ndiyo yanayoua watu, kwa sababu hapo ndipo wanapoona hakuna moshi na kuliingiza jiko ndani. Jiko la gesi ni vilevile, pikia nje.

Sasa nijibu: binti ana pumu? Kuna yeyote mwenye ugonjwa wa moyo, au siko seli? Kama yupo, daktari kwanza, hema baadaye.

MtuWaMtongwe

Wallahi nimetetemeka. Nyumbani mvua ikinyesha huwa tunaliweka mlangoni, ndiyo nikaona ni jambo la kawaida. Jiko limetoka. Pumu hakuna, na hayo mengine hakuna, alhamdulillahi.

Kamba_Mti

Nendeni Shimba Hills, mpige picha na hema, mrudi jioni mle viazi karai. Mtoto atajuaje 😂

MchogoriaWaPwani

Mimi kwetu ni Chogoria, naishi Mikindani mwaka wa kumi na mbili sasa, kwa hiyo baridi yako na joto lenu vyote navijua. Soma polepole.

Aprili usithubutu. Masika ya mlimani ni Machi hadi Mei, na upande wetu wa mashariki ndio unaopata mvua nyingi. Kutoka mjini Chogoria hadi geti la hifadhi ni kama kilomita 30 za barabara ya udongo katikati ya msitu. Mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unakuwa sabuni. Nimeona Landkruza imekaa ubavu kwenye mtaro, dereva amekaa juu ya jiwe anatafuna muwa anangoja trekta. Probox yako iache Mtongwe ipumzike. Nenda Agosti, au mwisho wa Desemba shule zikiwa zimefungwa. Agosti kuna mawingu na baridi, lakini njia inapitika. Gari linalovuta magurudumu yote manne utakodi palepale Chogoria pamoja na dereva anayeijua njia. Kiangazi linafika karibu na ziwa. Vinginevyo unatoka getini kwa miguu, na kwa binti wa miaka 7 hizo ni saa tatu za "baba nimechoka".

Jambo la pili, na hili watu wa Pwani ndilo huwaangusha: haraka. Asubuhi mko usawa wa bahari, kesho yake mnataka kulala zaidi ya mita 3,400. Mwili haujui kimetokea nini. Kichwa kinagonga, chakula hakipiti, mtoto anatapika. Lala usiku wa kwanza mjini Chogoria. Usiku wa pili lala getini, mita 2,950, kuna vibanda vya kukodi pale. Wa tatu ndio ziwani. Hata hivyo ni kupanda kwa haraka, sema ni afadhali. Mkiona mtu kichwa kinazidi kuuma, anayumba au anapumua kwa shida akiwa amekaa, teremkeni saa hiyo hiyo. Usingoje kuche. Kwa hiyo gari na dereva walale huko huko na nyinyi. Hiyo pesa usiibanie.

Ndovu wapo, mama mkwe hakukosea. Wako msituni, ukanda wa chini hadi kwenye mianzi, na nyati wapo pia. Ndiyo maana hiyo sehemu hupiti kwa miguu na watoto. Ziwani umeshatoka msituni, ni nyika ya majani ya vishungi na vichaka virefu vya mierika yenye kuvumwani inayoning'inia kama ndevu. Nyati hufika kunywa, na fisi akinusa chakula huja. Chakula chote kilale ndani ya gari, hata biskuti ya binti. Usiku akitaka kujisaidia, unatoka wewe kwanza na tochi, unamulika pande zote, macho yakiwaka unarudi ndani.

Hakuna duka, hakuna umeme, hakuna uzio. Ada ya hifadhi hailipwi kwa pesa taslimu, lipa kwa eCitizen (tovuti ya serikali) mkiwa bado mjini penye mtandao. Na chupa za plastiki za maji zile za kutumia mara moja ni marufuku hifadhini tangu Juni 2020, msije mkazuiliwa getini na katoni mbili. Beba chupa za kudumu, na maji ya ziwa yachemsheni kabla ya kunywa.

FundiFriji

Nimengoja mtu aseme habari ya kulala, naona hajasema, basi niseme mimi.

Hesabu kwanza. Kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua nyuzi 6 hivi. Mtongwe usiku wa Agosti ni nyuzi ishirini na kitu. Toa ishirini. Umebaki na ngapi? Kukiwa hakuna mawingu, alfajiri unaweza kukuta hema limefanya barafu kwa nje.

Sasa mablanketi yako mawili. Najua mtayajifunika yote mawili, na chini mtatandika mkeka. Mtakesha. Baridi haitoki juu, inatoka chini. Kazi yangu ni kutoa joto ndani ya sanduku. Ardhi ya mlimani inafanya kazi hiyo hiyo usiku kucha, na haina bili ya umeme. Blanketi ukililalia linabanwa, hewa inatoka, na ile hewa ndiyo iliyokuwa inakutia joto. Kwa hiyo chini weka kitu kisichobanika: sponji ngumu. Nenda kwa wauza magodoro, sema unataka sponji ngumu ya inchi mbili, wakukatie vipande vinne. Chini ya sponji turubai, la sivyo unyevu utapanda. Mfuko wa kulalia mmoja kwa kila mtu, na mitumba ipo, ila uukague zipu na ukiubana uone unafura tena. Usiofura umekufa.

Hema lenu pia: likiwa la aina ya tabaka moja, pumzi zenu wanne zitakuwa matone ifikapo saa kumi usiku. Acheni kidirisha cha juu wazi. Ndiyo, kwenye baridi. Kulala na nguo iliyolowa ni kubaya zaidi kuliko upepo kidogo.

Na usiku huko una urefu wa saa 12 hivi, ni jirani na ikweta. Saa moja mko ndani ya hema hadi saa moja. Beba karata, au bao dogo.

MamaPilau

Nyote mmesema, hakuna aliyesema watakula nini!

Mimi nilikwenda na kikundi cha wanawake, tukalala hapo getini. Nikasema nitawaonyesha watu wa bara pilau. Mchele wa maana, bizari nimesaga mwenyewe, nyama nimeikaanga Mombasa nikaja nayo. Nikapalia kama kawaida. Nusu saa, punje ina kiini. Nikaongeza maji, saa nzima, juu imekuwa bokoboko na ndani bado kiini! Nikaona wameniroga. Mpishi mmoja wa wapanda mlima akacheka mpaka akakaa chini, ndipo akanieleza: huko juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wenyewe. Hapa kwetu ni nyuzi 100, kule hata 90 ni bahati. Yanatokota tu kwa makelele.

Basi mwanangu, mbaazi na maharage usibebe makavu, hayataiva. Chemsha nyumbani. Mahamri yanakaa siku tatu kwenye kitambaa. Beba tambi, beba mayai ya kuchemsha, kashata, tende, na tangawizi nyingi. Mtungi wa gesi hauingii kwenye treni, mizigo inanuswa na mbwa pale stesheni, kwa hiyo gesi nunua ukishafika bara. Moto wa kuni usiwashe. Nyika ile ikishika moto haizimiki.

MsafiriWaBondeni

Swali ambalo najua utajiuliza ukiwa huko saa kumi na moja alfajiri: udhu. Maji ya ziwa saa hizo yanakata vidole. Fanya hivi: usiku kabla ya kulala chemsha maji, tia kwenye chupa ya chai, ilaze na wewe ndani ya hema. Alfajiri unachanganya na ya baridi kidogo, mnatawadha nyote. Ukiwa na khufu (soksi) za ngozi, uzivae ukiwa na udhu kamili, basi msafiri hupangusa juu yake siku tatu na nyusiku zake, huna haja ya kuvua. Kibla ni kaskazini kama hapa kwetu.

Na choo: chimba mbali na ziwa, hatua mia hivi, shimo la kina cha shibiri, kisha ufukie. Watu wengine watayanywa maji hayo.

Kamba_Mti

Haya, nami niseme la maana. Nilichosema cha Shimba Hills ni utani lakini si utani. Hema la Kongowea lenye kiraka ulijaribu wapi? Lilale nje usiku mmoja kabla hujalipeleka kilomita mia sita na zaidi.

MtuWaMtongwe

Wanabaraza, nimekaa kimya wiki mbili, samahani. Nimerudi na majibu.

Tunakwenda Agosti, usiku tatu kama alivyopanga Mchogoria. Treni hadi Nairobi, kisha matatu ya Embu na Chuka hadi Chogoria. Dereva nimeshaongea naye, atalala na sisi. Sponji nimekata. Muuzaji akaniuliza ni za kiti gani, nikamwambia za mlima, akanitazama.

Kamba_Mti, ushauri wako niliufuata. Hatukufika Shimba Hills, tulilipiga hema juu ya paa la nyumba. Watoto wakakataa kulala mpaka wavae majaketi na soksi zote "kama kule". Ndani ya hema, Mtongwe, bila upepo! Binti akaota vipele shingo nzima. Jirani akanipigia simu saa nne usiku kwa sauti ya chini, ananiuliza kama mwenye nyumba ametutoa. Lakini saa nane mvua ikapita, na kiraka changu kikavuja palepale nilipokishona, tone moja moja, juu ya paji la uso wangu. Nimeshalipeleka kwa fundi wa matanga.

Kuna jingine. Mama mkwe alikuja asubuhi ile, akamkuta binti bado amejifungia ndani ya mfuko wake, anakataa kutoka. Akakaa naye mlangoni mwa hema, wakanywa chai. Jana ameniuliza, kama hataki vile, ndovu wa kule huonekana kwa umbali gani.

Mchogoria, vile vibanda vya getini vinachukua watu watano?

MchogoriaWaPwani

Vinachukua. Mkatie na yeye sponji, ya inchi tatu.