Mita 100 mtindo huru: nusu ya pili nakata moto, nirekebishe wapi?

Kasa wa Mbezi:
Wakuu, habari zenu. Naogelea bwawa la mita 25 hapa Masaki. Mita 100 natumia 1:09, yaani 50 za kwanza sekunde 31, za pili 38. Nikifika mita 60 mapaja yanakuwa mbao. Tatizo ni pumzi au kasi?

Ngalawa:
Mkuu, pengo la sekunde 7 ni kubwa mno. Kule kuruka majini mwanzoni tu kunaipa nusu ya kwanza karibu sekunde 2, hivyo pengo la 2 hadi 3 ni la kawaida. Pan Zhanle wa China alipoweka rekodi ya dunia ya sekunde 46.40 Paris mwaka 2024, alikwenda kwa 22.28 akarudi kwa 24.12. Wewe nenda kwa 32, rudi kwa 34.5, hiyo ni 1:06.5.

Kinachokuponza ni miguu. Misuli ya paja ni mikubwa, inakula oksijeni kweli kweli. Mita 50 za kwanza piga miguu midogo midogo ya kukuweka juu, mikono ndiyo ivute. Ukishasukuma ukuta wa mwisho, achia yote.

Zoezi: mita 25 mara 4, kila moja sekunde 17 ukianza kwa kusukuma ukuta, pumziko sekunde 10. Tulia dakika 5, rudia seti mara 3.

Bi Pezi:
Sawa, ila pumzi umeiruka. Kubana pumzi ni kwa mita 50. Kwenye 100 vuta hewa kila mipigo miwili au minne ya mikono tangu urefu wa kwanza wa bwawa, usingoje kifua kiwake. Hewa itoke ukiwa bado na uso majini. Na usivute kwenye mpigo wa kwanza baada ya kugeuka, unapoteza kasi yote ya ukuta.

Hesabu mipigo kila urefu, utuletee.

Kasa wa Mbezi:
Dada, ni 18, 21, 24, 27. Mwishoni mikono inazunguka mbio lakini siendi.

Bi Pezi:
Basi kiwiko kinaanguka, mkono unateleza majini badala ya kuyashika. Vidole vielekee chini, kiwiko kibaki juu ya kiganja, ndipo uvute. Ogelea mita 25 ngumi ikiwa imefungwa, 25 nyingine umefungua, mara 4. Urefu wa mwisho usizidi 21 au 22.

Dau la Kigamboni:
Na kasi yenyewe haipatikani kwa kuogelea mita 50 mara ishirini huku unahema. Huo ni ustahimilivu. Piga mita 15 mara 8 kwa nguvu zote, pumziko dakika 2 kamili, mara mbili kwa wiki, mwili ukiwa haujachoka. Muda ukianza kuongezeka kwa nusu sekunde, acha, toka majini.

Baharini, pale Coco Beach, usiende kupima muda. Chumvi inakufanya uelee, wimbi linakusukuma, saa inakudanganya. Maji yakikupwa ndiyo kabisa, utakwangua magoti kwenye mwamba.