Beji kumi na moja, tepe hata moja: cheo katika Boys' Brigade hupatikanaje?

Fundi wa Mikindani

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba msaada wa wanaoijua Boys' Brigade, chama cha vijana wa makanisani, kwa undani, hasa mliowahi kuwa maofisa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani, Mombasa. Mwanangu ana miaka 14, na yuko kwenye kikosi cha kanisa letu tangu darasa la nne. Sare zote za kikosi hupitia mikononi mwangu. Jumatano iliyopita niliachiwa bahasha ya tepe za vijana watakaopandishwa cheo Jumapili, pamoja na mashati yao na karatasi ya majina. Nikazimwaga mezani. Majina sita, la mwanangu halimo. Naye alikuwa pale pale kwenye stuli, ananishikia pini. Akaisoma ile karatasi kutoka upande wake, hakusema neno. Akaendelea kunipa pini moja moja mpaka shati la mwisho.

Usiku mama yake alimsikia akilia.

Kijana huyu ana beji kumi na moja: huduma ya kwanza, kambi, Biblia, kuogelea na nyinginezo. Mmoja wa waliopandishwa ana tatu tu. Najua kwa sababu nimezishona mimi. Sasa nauliza: kwani beji si ndizo ngazi za kufikia cheo? Na nikienda kuuliza, si nitaonekana nadai kwa kuwa mimi ni fundi wao? Sitaki mwanangu apewe kitu kwa ajili ya cherehani yangu.

Mama wawili, Kisauni

Pole sana baba. Hapo kwenye pini nimeshindwa kujizuia. Mimi naona uende ukaulize. Kikosi cha kwanza cha wanangu, tepe zilikuwa zikienda kwa watoto wa wazee wa kanisa, tukanyamaza miaka miwili. Tusingenyamaza.

Ofisa mstaafu

Fundi, kama umenizidi umri, shikamoo. Nilikuwa ofisa miaka 19, na kabla ya hapo nilikuwa kijana wa kawaida kikosini huko Changamwe. Nakujibu kwa urefu kwa sababu nimewahi kuwa upande wa pili wa bahasha kama hiyo.

Beji na cheo ni njia mbili. Beji ina masharti yake yameandikwa. Kijana akifunga bendeji ikashika, akasoma ramani, akapita mtihani, beji ni yake na ofisa hana ruhusa ya kumnyima. Vijana mia wakitimiza, wote mia watavaa. Kule Uingereza njia hiyo inapanda hadi beji ya Rais, yaani rais wa brigedi, na juu yake beji ya Mfalme.

Cheo kinatoka kwenye haja ya kikosi. Vijana wanagawanywa vikundi, na kila kikundi kinataka mtu. Lansi koplo tepe moja, koplo mbili, sajenti tatu. Nafasi zikiwa sita ni sita, hata kama wanaofaa ni kumi. Na anayetafutwa ni yule ambaye wadogo wakiwa naye wanatulia.

Ndivyo ilivyoanza. William Alexander Smith, kule Glasgow, alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili na pia ofisa wa jeshi la kujitolea. Wavulana wakubwa walikuwa wakimvurugia darasa, naye anaona wenzao kwenye gwaride wanasimama wima bila kupigiwa kelele. Tarehe 4 Oktoba 1883 akaanzisha kikosi cha kwanza. Vyeo vya jeshi alivichukua ili mvulana abebe dhamana ya mvulana mwenzake. Kambi ya kwanza ilifuata 1886, na kambini ndiko utamjua kijana. Ukumbini wote ni wazuri.

Nikupe mfano. Tulipiga kambi Kwale, upande wa Shimba Hills, mvua ikatukuta saa nane usiku. Mvua ya huko mnaijua. Nikatoka na tochi. Hema la kijana wangu mwenye beji nyingi kuliko wote lilikuwa limesimama barabara, amelala mkavu. Hema la nne lilikuwa limelala chini, na nje yake kuna kijana wa beji mbili, kifua wazi, anapigilia vigingi kwa jiwe. Shati lake alikuwa amemfunika mtoto mmoja aliyekuwa akitetemeka. Hakuwa amepangiwa hema lile. Nilimpa tepe huyo, na nikirudishwa leo nitampa tena.

Lakini kosa langu lilikuwa hili: yule mwenye beji nyingi sikumwambia kitu. Alisikia majina yakisomwa mbele ya watu. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye. Mpaka leo nikipita Magongo naangalia nyuso za watu wazima, huenda nikamwona.

Kwa hiyo ile karatasi kumfikia mwanao kabla hajaitwa faraghani halikuwa jambo sawa, hata kama hakuna aliyekusudia. Nenda, tena nenda naye. Usiulize kwa nini fulani amepewa. Mwache yeye mwenyewe aulize: "Mimi nimepungukiwa na nini?" Kepteni, yaani mkuu wa kikosi, anayestahili jina hilo atakuwa na jibu.

Skauti wa zamani, Tudor

Naongezea kidogo. Kwetu skauti watu huchanganya hivyo hivyo. Wanadhani Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri ni vyeo, kumbe ni marika. Undugu wetu na Brigade ni wa siku nyingi: Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, baadhi ya vijana aliowachukua walikuwa wa Boys' Brigade, wa Poole na Bournemouth.

Fundi wa Mikindani

Ahsanteni. Mzee mstaafu, nimekusoma mara tatu. Ila jambo moja bado linanikwama. Mtoto akihangaika kutafuta beji kumi na moja, halafu mwenye beji tatu akapita mbele yake, si atajifunza kwamba bidii haina malipo?

Ofisa mstaafu

Malipo ya ile bidii anayo mkononi, umeyashona wewe. Hakuna atakayemvua. Akianza kuhesabu beji kama nauli ya kufikia tepe, atakuwa anakusanya beji tu, na mtu wa namna hiyo akipewa kikundi atakisumbua. Mwambie atazame bizimu la mshipi wake. Pale pameandikwa maneno ya Waebrania 6:19, na kwenye Biblia yetu ni "nanga ya roho, yenye salama, yenye nguvu". Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa nanga. Iko chini ya maji, haionekani, na chombo chote kinaitegemea.

Fundi wa Mikindani

Nimerudi na majibu. Tulikwenda Jumamosi jioni, kijana akauliza mwenyewe, sauti inamtetemeka lakini akamaliza. Kepteni hakukasirika. Kwanza alimwomba radhi kwa ile karatasi, na mimi pia akaniomba. Kisha akamwambia: "Hujakosea kitu. Lakini kila tukisimamisha mahema wewe unamaliza lako kabla ya wote, halafu unakaa kivulini na ramani yako. Nyuma yako wadogo watatu wanavutana kamba mpaka jua linazama. Sijawahi kukuona ukigeuka."

Njiani nikamuuliza anaonaje. Akasema, "Ni kweli, baba."

Lilinichoma, maana hilo amelitoa kwangu. Hapa dukani nimemzoesha hivyo tangu mdogo: maliza kazi yako vizuri, kaa, usiingilie ya mwenzio. Kwa shati inafaa.

Jumapili alisimama kwenye mstari akawapigia makofi wote sita. Nilimwangalia mikono. Alipiga kwa nguvu.

Mwezi ujao wana safari ya miguu kutoka Mazeras hadi Rabai, kwenye kanisa la misheni aliyoianzisha mmisionari Krapf mwaka 1846. Kepteni amempa wadogo watatu awaandae. Bila tepe. Amesema tu, "Hawa ni wako mpaka mrudi." Tangu Jumatatu wanakuja dukani wakitoka shule, na kamba yangu ya kuanikia imeshakatwa vipande vinne. Wanajifunza lile fundo la kitanzi kisichojikaza, la wavuvi.

Sasa hivi ninavyoandika, wawili wameshaliweza. Wa tatu anatumia mkono wa kushoto na kila akifuatisha linafumuka. Mwanangu ameketi ubavuni pake tangu saa kumi, naye anajaribu kulifunga kwa kushoto ili aone mwenzake anapopotelea. Mwenye kujua namna ya kumfundisha mtoto wa kushoto atuambie, wanasubiri.

Ofisa mstaafu

Asikae ubavuni. Wakae uso kwa uso, magoti yakikaribiana, kama mtu na kioo. Mwanao afunge kwa mkono wake wa kulia, polepole, na mdogo amfuate kama anavyomwona.