Nimeombwa kujitolea kwenye mbio za barafu Minnesota, nikubali?

MwanaMakete
Habari za humu wakuu. Niko Minneapolis mwaka wa tatu sasa, kazi ya ghalani. Kiongozi wetu wa zamu, mzee mmoja Mzungu, kila mwisho wa Januari hupotea wiki nzima. Kumbe huenda kujitolea Arrowhead 135! Kwa wasiozijua, ni mbio za maili 135, kama kilomita 217, kutoka International Falls mpakani na Kanada hadi kando ya ziwa Vermilion. Zipo tangu 2005. Watu wanakwenda kwa miguu, kwa ski au kwa baiskeli za matairi manene, kila mtu na mzigo wake, mwisho saa 60. Njia ni ya msituni, na usiku baridi inaweza kufika nyuzi 35 chini ya sifuri.

Mwaka huu kaniomba niungane nao, watu hawatoshi. Nichague: kituo cha katikati, kuandika namba na saa za wanaoingia na kutoka, au kupanda pikipiki ya theluji na mwenzangu tukikagua njia usiku. Malipo hakuna, ni supu na pa kulala. Mimi ni mtu wa Makete, umande ulioganda nimeukanyaga peku nikienda shule, ila hili naona ni jingine kabisa. Mke wangu kasema nikikatwa vidole nisimtafute. Naombeni ushauri.

BabaKijiweni
Friza ya buchani ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Wewe unataka kwenda mara mbili yake, tena bure? Hiyo supu wakuletee nyumbani.

MgumuWaMachame
Achana na huyo. Mimi naongoza wageni Kilimanjaro, baridi yetu haifiki huko lakini tabia yake ni ileile: kinachokumaliza ni jasho. Mgeni akitoka kambi ya Barafu saa sita usiku kavaa majaketi yote, namvua moja kwa lazima. Ananiona mkorofi. Asipovua, tukifika Stella Point tukasimama dakika tano anatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Kwa hiyo pamba usivae, hata chupi. Vaa sufu au nailoni. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, maji huanza kuganda juu, hivyo mdomo utabaki wazi. Simu ikae karibu na ngozi.

Pikipiki usiku wa kwanza, usikubali. Upepo wa mwendo ni baridi juu ya baridi.

NesiMkamba
Kaka, mimi ni nesi, niko Duluth, hawa watu huwa tunawapokea. Kazi ya kituoni unaiona ndogo, siyo. Mtu ametembea usiku kucha, anakuambia "niko sawa", na anaamini hivyo. Usimuulize hali. Mwambie afungue zipu mwenyewe, akutajie majina ya watoto wake. Akiburuta maneno, akiangusha vitu, au alikuwa anatetemeka na sasa ameacha ilhali bado ni baridi, huyo hatoki tena.

Vidole vikiwa vyeupe na vigumu, usivisugue wala usimweke karibu na jiko, hana hisia, ataungua. Na ukiviyeyusha, mbio zimekwisha kwake. Kidole kikiyeyuka kisha kigande tena, hicho ndicho hukatwa.

MwanaMakete
Asante dada. Sasa kuna jambo linaninyima usingizi. Mzee anasema wapo wanaojiandikisha kwenda bila msaada wowote. Hao hata maji ya kituoni hawachukui, ndani hawaingii. Akifika kaganda, mimi nimtazame tu dirishani na kikombe changu cha chai?

NesiMkamba
Sheria inamtoa kwenye kundi lake, haimzuii kuokolewa. Toka nje, ongea naye, mwambie wazi: ukiingia, umepoteza nafasi hiyo. Akili ikiwa inafanya kazi, aamue mwenyewe. Kila mmoja wao ana begi la kulalia la nyuzi 29 chini ya sifuri na jiko lake, anaweza kujihudumia palepale kwenye theluji. Akili ikiwa haipo, usijadiliane. Mwingize, mwite mkuu wa kituo. Atakutukana. Mwache akutukane.

DerevaWaMalori
Hakuna aliyetaja gari. Kutoka Minneapolis ni saa tano kaskazini. Tanki lisishuke nusu, weka blanketi na koleo, na ukifika chomeka hita ya injini kwenye umeme, la sivyo asubuhi haliwaki.

MwanaMakete
Nimempigia mzee, nimechukua kituo cha katikati, pale MelGeorge's. Pako kando ya ziwa linaloitwa Elephant Lake, ndovu wenyewe sijui walihamia lini. Ananiambia wakimbiaji hupewa mikate ya jibini iliyokaangwa na wengine huionea huruma nafsi wakaishia hapohapo, maana vilima vibaya viko mbele.

Swali la mwisho: viatu vyangu vya kazini, vile vyenye chuma puani, vinafaa?

MgumuWaMachame
Chuma? Unataka mkeo awe sahihi? Nunua vya theluji, namba moja zaidi, soksi mbili zisibane.