Tupeane uzoefu: siku mliyotembea mlimani na marafiki hadi mkanuniana

Fundi Saa
Wakuu, jana jamaa kanitumia picha wamesimama Margherita, kilele kirefu kuliko vyote cha Rwenzori kule Uganda, meno yote nje. Nikaikumbuka siku yetu ya kinamasi cha Bigo, kutoka kambi ya John Matte kwenda kambi ya Bujuku. Watu tunaopendana tangu sekondari, tumefika kambini hakuna anayemsemesha mwenzie. Aliyepita Rwenzori analijua lile tope. Unakanyaga kichuguu cha nyasi ukidhani ni imara, mguu unazama hadi gotini, unauvuta unatoka na soksi tu. Na mbele yako kuna mtu anaimba. Anaimba! Nilimchukia kwa dhati. Leteni zenu.

Binti Mbale
Anayeimba apigwe faini.

Chai ya Rangi
Siku hizi kuna njia za mbao pale, mnadeka.

Fundi Saa
Mbao zenyewe utelezi mtupu, na haziendi kote.

Jirani wa Kitale
Tope tu ndilo linawaliza? Njooni Elgon, huku mpakani mwa Kenya na Uganda, mlima wetu.

Binti Mbale
"Wetu" na nani? Kilele cha Wagagai kina mita 4,321 na kiko Uganda. Ninyi Wakenya mna Koitobos, 4,222. Piga hesabu.

Jirani wa Kitale
Mlima hauna pasipoti, dada.

Binti Mbale
Kilele kinayo. Na upande wetu ukianzia Budadiri, siku ya kwanza tu ni zaidi ya mita 1,600 za kupanda. Kwenye ngazi za genge la Mudangi rafiki yangu aliganda katikati, hapandi hashuki, nyuma foleni. Askari wa hifadhi, bunduki begani, akamwambia kwa upole, "Dada, hapa hakuna steji ya boda. Panda." Akapanda huku analia. Jioni alikula malewa, yale machipukizi ya mianzi, ya watu watatu.

Mtu wa Bwera
Mmenigusa pabaya. Yangu si ya tope.

Tulikuwa Elena, kambi ya mwisho kabla ya Margherita, mita 4,541, jioni ya kuamkia kilele. Shemeji yangu alikuwa kimya tangu mchana. Kichwa kinamuuma, akasema. Nani hakimuumi kule? Chakula akakisukuma. Tukacheka, maana huyu mtu haachi posho, yaani ugali. Kiongozi wetu, mzee wa Kikonzo asiye na maneno mengi, hakucheka. Akamsimamisha, akamwambia atembee mstari mmoja, kisigino kiguse vidole vya mguu wa pili. Hatua mbili, akashika ukuta. Akarudia, akaanguka.

Mzee akasema, "Huyu analala Bujuku."

Nje giza, mvua imechanganyika na theluji. Mmoja wetu akaanza: apumzike hadi asubuhi, tumelipa pesa nyingi, tumetoka mbali. Mzee anavaa koti huku yule anaongea. Hakumjibu hata neno. Mtu akianza kuyumba vile ni ubongo unavimba, asubuhi inaweza isimkute.

Tukashuka: mzee, mpagazi mmoja, mimi, na Shemeji katikati amefungwa kamba kiunoni. Mawe yameota ukoga, tochi inamulika ukungu tu. Njiani ananiuliza ameegesha wapi gari lake. Hana gari! Hajawahi kuwa na gari! Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Kadiri tulivyoshuka akili ikawa inarudi. Bujuku akaomba chai, halafu akalalamika haina sukari. Nikajua amepona.

Wenzetu wawili walipanda Margherita alfajiri na kiongozi mwingine. Picha wakaiweka kwenye kundi la WhatsApp. Sijaweka hata dole gumba mpaka leo.

Chai ya Rangi
Hao si marafiki, hao ni abiria.

Fundi Saa
Tuwe wakweli, mkuu. Wangeshuka wote usiku ule wangesaidia nini? Wangeongeza watu wa kuteleza.

Mtu wa Bwera
Sikutaka wambebe. Wangeuliza tu, asubuhi, anaendeleaje.

Fundi Saa
Hapo nakubali.

Gambuti46
Sisi tunaenda Julai. Sasa mnanitisha. Ninywe nini?

Jirani wa Kitale
Tangawizi na kitunguu saumu, wiki nzima kabla.

Chai ya Rangi
Utanuka tu. Muulize daktari kuhusu Diamox, vidonge vya ugonjwa wa mwinuko.

Binti Mbale
Vidonge visikudanganye. Ukianza kuyumba dawa ni kushuka. Na pandeni polepole, mlale kila kambi.

Jirani wa Kitale
Yule Mtaliano aliyepanda Margherita wa kwanza, 1906, alifika bila vidonge.

Binti Mbale
Alifika na msururu wa wapagazi. Wewe una nani?

Chai ya Rangi
Mimi mlima nautazamia Kasese mjini, mkononi sahani ya sombe, yaani kisamvu. Sijawahi kuugua.

Gambuti46
@Mtu wa Bwera, shemeji hali yake vipi sasa?

Mtu wa Bwera
Mzima kabisa. Sasa anaulizia Muhavura, volkano ya mpakani mwa Uganda na Rwanda, mita 4,127, kwenda na kurudi siku moja. Dada yangu ameficha viatu vyake.