Naomba ushauri: kwa nini 1848 Paris iliwaka na London haikuwaka?

Habari zenu wakuu. Nafundisha historia kidato cha sita, na mwaka wa 1848 unanisumbua. Paris, Mfalme Louis-Philippe aliachia kiti Februari. Juni serikali mpya ikafunga karakana za taifa (zilizowapa kazi wasio na ajira), wafanyakazi wakajenga vizuizi mitaani na jeshi likawaua kwa maelfu. Uingereza ilikuwa na viwanda vingi zaidi, lakini Wachartisti (vuguvugu la wafanyakazi lililodai haki ya kupiga kura) walikusanyika Kennington Common, uwanja wa wazi London, tarehe 10 Aprili, wakapeleka ombi lao bungeni, wakatawanyika.

Mimi naegemea mageuzi ya 1832 (yaliyowapa tabaka la kati kura) na kufutwa kwa ushuru wa nafaka 1846: matajiri wa viwanda walikuwa wamesharidhishwa, wafanyakazi wakabaki peke yao. Wanafunzi hawaridhiki, wanauliza kuhusu njaa. Mwenye hoja nzito zaidi anisaidie tafadhali.